Kijani Kinachoelea: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Mimea Midogo ya Majini Uganda

Karibu kila wiki mtu hunitumia picha ya bwawa na swali la maneno mawili: "Hii nini?" Picha imepigwa akiwa amesimama ukingoni. Bwawa zima linaonekana, bata wawili wanaonekana, na katikati kuna kijani kama busati. Jibu langu huwa moja: sijui, na wewe hutajua mpaka uiname. Maswali ya hapa chini ni yale yanayokuja baada ya mtu kuinama.

Bwawa langu limefunikwa na kijani. Nianzie wapi?

Anza na kijiti. Kizamishe, kivute polepole. Kikitoka na nywele ndefu za kijani zinazoning'inia, huo ni mwani wa nyuzi. Kikitoka kimepakwa kitu kama rangi ya ukutani, acha hapohapo na unawe mikono: hao huenda ni bakteria wa kijani-buluu kama Microcystis, ambao ghuba za Ziwa Victoria zinawafahamu vizuri, na baadhi yao hutoa sumu inayodhuru mifugo na watu. Kikitoka na vipande vinavyohesabika, hata kama ni vidogo kama chenga za mchele, basi ni mimea.

Chota kiganja kimoja tu, mimina kwenye sahani nyeupe yenye maji kidogo, kisha tenganisha kwa pini. Vipande laini vya duara, visivyo na magamba wala nywele, ni jamaa ya Lemna. Vitawi vyenye magamba madogo yaliyopandana kama vigae ni azola. Majani mawilimawili yenye nywele juu, yanayokataa kulowa, ni gugu la Kariba. Sehemu kubwa ya kazi inaishia hapo. Kinachobaki ndicho kigumu, na ndicho kinachonifurahisha.

Kwa nini nijisumbue na jina? Si yote ni magugu tu?

Swali hili niliwahi kuulizwa na mvuvi mmoja kwenye mwalo, tena kwa ukali: "Jina litanisaidia kupitisha mtumbwi?" Nilimsimulia ya Kariba, na hapa nairudia kwa urefu kwa sababu sijui mfano mwingine unaojibu vizuri zaidi.

Bwawa la Kariba, kati ya Zambia na Zimbabwe ya leo, lilifungwa mwishoni mwa mwaka 1958. Maji yalipokuwa yakipanda, kangaga mdogo wa kuelea alianza kutanda. Kufikia mwaka 1962 alikuwa amefunika karibu kilomita za mraba 1,000. Wataalamu walimwita Salvinia auriculata, mmea wa Amerika ya Kusini uliokwisha kuandikwa vitabuni. Kwa kuwa jina lilikuwa hilo, wakaenda kumtafutia adui kule auriculata anakoishi, Trinidad na Guyana, wakarudi na wadudu, miongoni mwao fukusi anayeitwa Cyrtobagous singularis. Wakawaachia katika nchi kadhaa. Gugu likaendelea kunenepa.

Mwaka 1972 mtaalamu wa mimea D. S. Mitchell alionyesha kwamba lile la Kariba si auriculata hata kidogo. Akaliita Salvinia molesta, yaani sumbufu. Sasa watafiti walijua kwamba walikuwa wamepiga hodi nyumba ya jirani. Mwaka 1978 makazi ya asili ya molesta yakapatikana kusini-mashariki mwa Brazili, na huko kulikuwa na fukusi aliyefanana kabisa na yule wa kwanza. Walimwachia Ziwa Moondarra, Queensland, Australia, mwaka 1980. Mwaka uliofuata gugu lilikuwa karibu limekwisha.

Tena hadithi haikuishia hapo. Fukusi mwenyewe alipochunguzwa vizuri, ikaonekana naye si singularis. Alipewa jina lake mwaka 1985: Cyrtobagous salviniae. Mmea ulikuwa umekosewa jina, na mdudu naye vilevile. Baina ya kosa la kwanza na dawa iliyofanya kazi ilipita miaka ishirini hivi.

Gugu hilohilo sasa liko Ziwa Kyoga. Yule mvuvi aliniuliza mbona hatuleti wale fukusi waliopunguza magugu maji miaka ile. Swali zuri. Wale, Neochetina eichhorniae na Neochetina bruchi, waliachiwa Ziwa Victoria upande wetu mwaka 1995, na chakula chao ni magugu maji. Ukiwaweka juu ya gugu la Kariba watakufa njaa.

Nahitaji vifaa gani?

Sahani nyeupe, pini, rula yenye milimita, chupa ya plastiki iliyo wazi, na kioo cha kukuzia cha mara kumi. Usitumie sarafu badala ya rula, kwa sababu sarafu za shilingi zina ukubwa tofauti na anayetazama picha hajui uliweka ipi.

Ongeza gambuti. Nitaeleza sababu chini.

Jamaa ya Lemna: nitazame nini kwanza?

Tazama chini. Watu wote hutazama juu, na juu kila kitu kinafanana. Geuza mmea, uhesabu mizizi.

Kabla ya hapo, neno moja. Kile kipande bapa nitakiita jani kwa urahisi, lakini si jani kamili. Kwa mimea hii shina na jani vimeyeyuka vikawa kitu kimoja. Kutoka ubavuni mwake huchomoza mtoto, naye akikua huachana na mama. Katika maji yenye mbolea na joto, idadi huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku mbili au tatu, ndiyo maana bwawa ulilolisafisha Jumamosi limefunikwa tena.

Mizizi saba au zaidi, ikitoka pamoja kama ndevu, na jani lenye hadi sentimita moja, tena mara nyingi jekundu-zambarau chini: hiyo ni Spirodela polyrhiza. Hata jina lake la pili linasema "mizizi mingi".

Mizizi kama miwili hadi saba, jani refu kuliko upana wake: Landoltia punctata. Zamani iliwekwa pamoja na Spirodela. Mwaka 1999 ikapewa jenasi (kundi la aina zilizo ndugu) yake yenyewe, kwa heshima ya Elias Landolt wa Zürich, ambaye alikusanya na kukuza mimea hii kutoka pembe nyingi za dunia.

Mzizi mmoja: Lemna.

Bila mzizi: Wolffia au Wolffiella.

Tahadhari moja, na nimeilipia. Nilipoanza, nilikuwa nachota kijani kwa mkono mzima, nakifunga kwenye karatasi, nakihesabu nyumbani jioni. Mizizi ya Landoltia hukatika upesi, ukabaki mmoja. Nilijaza daftari zima "Lemna" za mabwawa ya Jinja, mpaka siku moja mtu aliyenizidi ujuzi akachota maji palepale nami nikiwa pembeni, akanionyesha mizizi mitatu. Nilichana kurasa nne. Hesabu mizizi mmea ukiwa ungali ndani ya maji, na usihesabu mmoja, hesabu kumi.

Ina mzizi mmoja. Je, ni Lemna minor?

Huenda siyo. Lemna minor ndiyo iliyojaa kwenye vitabu vya Ulaya na kwenye majibu ya haraka ya intaneti, kwa hiyo watu huiona kila mahali. Kwa upande wetu wa tropiki, hasa kwenye mabwawa ya tambarare yenye joto, anza kwa kudhani ni Lemna aequinoctialis, kisha uitafutie sababu ya kukataa.

Sababu zenyewe ziko kwenye mzizi. Pale mzizi unapotokea pana ala ndogo inayouzunguka. Kwa aequinoctialis ala hiyo ina mabawa mawili membamba pembeni. Kwa minor haina. Ncha ya mzizi wa aequinoctialis imechongoka, ya minor ni butu. Mzizi wa aequinoctialis kwa kawaida hauvuki sentimita 3. Na juu ya jani, ukiliinamisha kwenye mwanga, aequinoctialis huwa na kijinundu kilichojitokeza karibu na ncha na kingine juu ya mahali mzizi unapoanzia. Mabawa yale ni madogo mno. Ukiyaona kwa kioo cha mara kumi bila kukodoa macho, una macho ya kijana.

Ikiwa jani limevimba chini kama tumbo la mtoto aliyeshiba, lenye vyumba vikubwa vya hewa vinavyoonekana kwa macho, fikiria Lemna gibba. Lakini gibba nayo huweza kuwa bapa ikikosa chakula, na hapo inafanana sana na minor. Nikifika hapo naandika "gibba au minor" na kuendelea na safari.

Lemna trisulca haina shida: haielei juu, huzama kidogo, na majani yake yameunganishwa kwa vikonyo virefu kama mnyororo.

Kwenye orodha za zamani za mimea ya Afrika utakutana na Lemna perpusilla na Lemna paucicostata. Mara nyingi mwandishi alikuwa ameshika aequinoctialis. Mmea ni uleule. Kilichobadilika ni jina.

Nina chenga za kijani zisizo na mzizi. Ni mbegu?

Ni mmea mzima. Wolffia arrhiza, wa nusu milimita hadi milimita moja na nusu, na Wolffia ndiyo mimea midogo kuliko yote inayochanua maua duniani. Ua lenyewe huchimbuka katika kishimo juu ya mgongo wake. Ukisugua kati ya vidole utahisi kama semolina. Ukiweka kwenye chupa na kuitazama ubavuni, utaona punje iliyovimba, karibu duara.

Jamaa yake Wolffiella ni bapa na mwembamba. Aina moja, Wolffiella hyalina, ina kipande kinachojikunja na kuning'inia ndani ya maji, kama ulimi. Ukimwona ubavuni humchanganyi na Wolffia. Ukimwona kutoka juu tu, utamchanganya. Ndiyo maana ya ile chupa.

Mara nyingi Wolffia hujificha katikati ya Lemna, na mtu akachukua kuwa ni watoto. Mtoto wa Lemna ni bapa tangu anazaliwa.

Azola: ninayo ya asili au ya kununua?

Hapa Uganda unaweza kukutana na aina mbili za asili za Afrika, na moja au zaidi zinazosafirishwa kwa ndoo na mifuko na wauzaji wa chakula cha kuku.

Azolla nilotica ni jitu la ukoo. Shina lake huweza kufika sentimita 30 na zaidi, na mizizi hutoka kwa mafungu, siyo mmojammoja. Ukiona azola ambayo mizizi yake imefungamana kama ufagio, umemaliza.

Azolla pinnata, ile ya Afrika, ni ndogo, ina umbo la pembetatu, matawi yake yamepangika pande zote mbili kama unyoya. Mizizi hutoka mmojammoja, nayo ina vinywele vingi vinavyoifanya ionekane kama manyoya ndani ya maji. Iache itulie kwenye chupa kwa dakika tano, kisha tazama.

Inayouzwa mara nyingi huletwa kwa jina la "azola" basi, bila la pili. Azolla filiculoides ya Amerika haina pembetatu safi ya pinnata. Matawi yake yamegawanyika ovyoovyo, na ikibanana husimama wima juu ya maji. Kuitofautisha na ndugu zake wengine wa Amerika ni kazi ya darubini: vinywele vya juu ya jani vya filiculoides vina seli moja, vya ndugu zake vina mbili. Usidanganywe na mtu anayekutajia aina kwa kutazama picha ya simu.

Kwamba ni ya kigeni si neno dogo. Filiculoides ilizisumbua sana mito na mabwawa ya Afrika Kusini hadi walipomwachia fukusi wake, Stenopelmus rufinasus, mwaka 1997. Ifuge kwenye beseni au karai mbali na mfereji. Usimwage maji yake kwenye kijito.

Azola yangu imegeuka nyekundu. Imebadilika aina?

Hapana. Jua kali, baridi au upungufu wa fosforasi huifanya iwe nyekundu. Rangi haitambulishi chochote.

Gugu la Kariba likiwa changa linafanana na azola?

Linafanana na vitu vingi, na hapo ndipo wauzaji wasio waangalifu hukosea. Jirani yangu mmoja mfuga samaki alinunua ndoo ya "azola" kwa ajili ya ngege wake. Alinionyesha baada ya wiki mbili. Yalikuwa majani bapa, madogo kama ukucha, yamelala juu ya maji mawilimawili. Salvinia molesta katika hatua yake ya kwanza. Tulikesha tukiyatoa kwa wavu wa mukene, yaani dagaa, tukayaanika juani mbali na maji mpaka yakawa makapi.

Hatua ni tatu. Mimea ikiwa michache, majani ni madogo na bapa. Ikiongezeka, majani hukua na kujikunja kidogo kama mtumbwi. Ikibanana, hujikunja kabisa, yakasimama yakiegemeana. Mtu anayeona hatua ya kwanza na ya tatu siku moja huapa ni mimea miwili tofauti.

Kipimo cha uhakika ni nywele za juu ya jani. Kwa kioo utaona kila kishina kimegawanyika nywele nne, kisha ncha zake zikakutana tena, mfano wa kile kifaa cha waya cha kupigia mayai. Azola haina kitu kama hicho. Na ile unayodhani ni mizizi chini yake ni jani la tatu lililochanikachanika.

Nywele hizo hazitoshi kuitenga molesta na auriculata, maana zote mbili zinazo. Hapo hutazamwa minyororo ya vifuko vya spora inayoning'inia chini. Ya molesta ni mirefu, na vifuko vyake ni tasa. Ina seti tano za kromosomu, haiwezi kuzaa kwa spora. Kila mmea uliouona ni kipande kilichokatika kwa mwenzake.

Vipi kuhusu vichipukizi vya kabichi ya Nile?

Pistia changa huchanganywa na Lemna. Iguse: ni kama mahameli, na ina mistari iliyochongwa kwa urefu wa jani. Kwa ukoo wala hamjakosea sana, maana Lemna na Pistia siku hizi wamewekwa familia moja, ya magimbi.

Na zile nyuzi zenye vifuko vyeusi na ua la njano?

Utricularia. Vifuko hivyo ni mitego ya kunasa viroboto-maji na wadudu wadogo. Ikiwa kikonyo cha ua kimesimama juu ya duara la maboya yaliyovimba, kama spoku za baiskeli, ni stellaris au inflexa. Bila maboya, na nyuzi nyembamba sana zilizosokotana, jaribu gibba. Wanastahili ukurasa wao.

Nitafute wapi, na nijilinde vipi?

Mimea hii haipendi mawimbi. Itafute nyuma ya mafunjo, kwenye mashimo ya matofali yaliyojaa maji, mabwawa ya samaki, mifereji ya mashamba ya mpunga kama ya Doho huko Butaleja. Kwenye kinamasi cha Mabamba, eneo la Ramsar (ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa) tangu mwaka 2006, watu huenda kumtazama korongo-nyangumi, ndege mwenye mdomo kama kiatu. Ukiwa kwenye mtumbwi tazama na chini pia, wakati wenzako wanapiga picha.

Sasa zile gambuti. Konokono wanaobeba kichocho hukaa kwenye mimea hiihii, na vijidudu vyake huingia kwa kutoboa ngozi, hasa jua linapokuwa juu kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana. Chota kwa kopo lenye mpini mrefu. Ukiwa umelowa mara kwa mara, nenda kituo cha afya ukapimwe, dawa ipo.

Ndani ya hifadhi usichukue kitu bila kibali. Na kama ni utafiti rasmi, usajili wake uko Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, siyo kwa mwenye mtumbwi.

Nipige picha vipi ili nijibiwe?

Nne: ya juu, ya chini mizizi ikionekana, ya ubavuni ndani ya chupa, na moja ya mahali ulipopata. Rula iwemo katika zote tatu za kwanza. Programu za simu za kutambua mimea zitakufikisha kwenye jenasi, kisha zitakuandikia Lemna minor kwa kujiamini kabisa.

Naweza kuhifadhi sampuli?

Azola na Salvinia hukauka vizuri kwenye karatasi. Lemna na Wolffia hugandamana zikawa doa. Hizo zihifadhi kwenye chupa ndogo yenye spiriti ya asilimia 70. Watu huniuliza kuhusu waragi. Ya chupa ina kileo cha asilimia 40 hivi, haitoshi kwa muda mrefu, na uzoefu unaonyesha chupa hupungua yenyewe. Andika tarehe na mahali kwa penseli, karatasi iingie ndani ya chupa, wino utaoshwa. Ukiwa na sampuli nzuri, hebaria (hazina ya mimea iliyokaushwa) ya Chuo Kikuu cha Makerere ndipo mahali pa kuilinganisha na zilizotangulia.

Kuna majina ya Kiswahili?

Kwa magugu maji, ndiyo, kila mtu anayajua. Azola limezoeleka kwa wafugaji. Lemna wengine huiita chakula cha bata, lakini jina hilo nimelisikia pia kwa azola, na mara moja kwa mchicha. Ukinitumia ujumbe kwamba una "chakula cha bata", nitakuuliza kina mizizi mingapi.